Mkwe wa Kwenye Chungu

Wifi alipopata uhamisho wa miezi michache kwenda mji mwingine, hakuuliza kama kwa mdogo wake kuna nafasi. Alikuja Jumamosi asubuhi na gari la mizigo, akawasimamia wapagazi wawili wapande ngazi hadi ghorofa ya nne na chungu kikubwa cha udongo. Ndani yake kulikuwa na mmea wa majani mapana, yenye matundu kama yaliyotobolewa na mtu aliyekosa kazi ya kufanya. Wapagazi walihema, wifi akahesabu majani kuhakikisha hakuna lililobaki njiani, kisha akaonyesha pembe ya sebule iliyo karibu na dirisha. Kiti kilichokuwa pale kikaondolewa, na mwenye kiti naye akaondoka nacho.

Wifi alikuwa mkaguzi wa mizani. Alikuwa akiingia sokoni na sanduku lake la mawe ya kupimia, na wauza nyama waliokuwa wanacheka walikoma palepale. Hata nyumbani watu walikaa wima akiwepo.

"Maji ni pale tu udongo ukikauka," alisema. "Unachomeka kidole. Kikitoka kikavu, unampa. Kikitoka na tope, unamwacha. Umenisikia, mdogo wangu?"

"Nimesikia, dada."

Huyo mdogo wake alikuwa mwalimu wa udereva, mtu mpole mno, ambaye wanafunzi walimwita Mwalimu Breki kwa kuwa hilo ndilo neno alilolitamka zaidi. Kutwa nzima alipiga kelele garini, na jioni alirudi nyumbani hana sauti wala habari. Mkewe alitengeneza meno ya bandia katika karakana ndogo nyuma ya kliniki, na watu wote, mumewe akiwemo, walimwita Fundi Meno. Mtu wa tatu katika nyumba ile, ndiye aliyenyang'anywa pembe yake ya dirishani, alikuwa baba yao Mwalimu Breki na wifi. Mzee huyo alipiga tarumbeta katika bendi maisha yake yote, mpaka mkono wake wa kulia ulipoanza tabia ya kufa ganzi na tarumbeta ikapelekwa juu ya kabati.

Mzee aliutazama ule mmea kwa muda.

"Mabinti wa wenzangu huwaletea baba zao wakwe," akasema. "Mimi wangu kaniletea mti. Haya, karibu, Mkwe." Halafu akamgeukia Fundi Meno. "Sasa ninao wakwe wawili, mwanangu. Mmoja anasema, mwingine ananyamaza."

Fundi Meno alicheka. Wifi hakucheka. Alishika jani moja, akaliachia upesi kama limemwunguza, akachukua mkoba wake akashuka.

Jina likaganda. "Mkwe amekunywa?" "Msogezeeni Mkwe pazia." Na hapo ndipo taabu ilipoanzia, kwa sababu Mwalimu Breki alikuwa na huruma isiyo na mipaka. Kila alipopita sebuleni alimwona Mkwe amesimama peke yake, hana wa kumsemesha, akampa maji. Maji yakiwa mbali, alimpa chai iliyobaki kikombeni, na majani ya chai yakifuata humohumo. Kidole hakuchomeka hata mara moja, kwani aliona ni utovu wa adabu.

Majani ya Mkwe yakaanza kuwa ya njano, kwanza ya chini, halafu ya kati. Shina likainama kuelekea ukutani kama mtu anayeficha uso. Kisha ikaja harufu. Mzee alidhani ni soksi zake na akazifua, akafua na ambazo hakuzivaa, harufu ikabaki palepale.

"Mkwe anaoza," Fundi Meno akasema.

"Labda ana kiu," Mwalimu Breki akasema.

Jumapili, Fundi Meno alitandaza magazeti sakafuni bafuni, akalaza chungu ubavu, akamvuta Mkwe nje. Kazini alikuwa amezoea mizizi, ingawa ni ile ya meno. Hii aliyoiona ilimsikitisha. Ilikuwa ya kahawia, laini, yenye utelezi. Ukiushika mzizi na kuuvuta, ngozi yote inachomoka na unabaki na uzi mwembamba mkononi. Tundu la chini ya chungu lilikuwa limezibwa na majani ya chai yaliyoshikana kama matofali. Alilizibua. Akakata mizizi iliyooza kwa mkasi, akatoa vile vifaa vyake vya kukwangulia nta kwenye meno ya bandia, akasafisha mzizi mmoja mmoja, na pale penye kona akatumia mswaki. Alipomaliza, Mkwe alikuwa amebaki na kimzizi hapa na kimzizi pale. Akampandikiza kwenye udongo mpya uliochanganywa na kokoto na vipande vya magome, kisha akatoka kwenda kwa muuza maua.

Duka la muuza maua lilikuwa jembamba, na mwenyewe alikuwa mtu wa furaha asiyeweza kujibu swali akiwa amesimama mahali pamoja.

"Umekata iliyooza?" aliuliza akipanga vyungu.

"Nimekata niliyoiona."

"Basi ile usiyoiona ndiyo kazi ya hivi." Akatoa chupa yenye maji ya rangi ya chai nyepesi. "Vimeng'enya."

"Kama vile vya tumboni?"

"Ndivyo, ukoo mmoja. Vya tumboni vinasaga chakula, hivi vinasaga mizizi iliyokufa. Vinaivunjavunja humo udongoni mpaka inalainika na kuwa chakula cha ile iliyo hai. Mizizi mfu ikikaa tu inakaribisha uozo mwingine. Kifuniko kimoja kwenye kopo la maji, mara moja kwa wiki. Ila usidhani hii ni miujiza. Ukiendelea kumzamisha, hata ukimwagia pipa zima atakufa."

"Na vinajuaje kipi kimekufa na kipi ni kizima?"

Muuza maua alifikiri akiwa ameshika chungu kila mkono.

"Havijui kitu, mama. Kilicho hai kinajilinda chenyewe. Kilichokufa hakina wa kukitetea."

Fundi Meno aliyapenda maneno hayo, na kosa lake ni kwamba aliyarudia mezani wakati wa chakula cha jioni.

Mwalimu Breki alisikiliza akitafuna. Mzee aliweka kijiko chini.

"Vinakula kilichokufa?"

"Kilichokufa tu, baba. Kilicho hai havikigusi."

"Na kilichokufa ganzi?"

Fundi Meno akacheka. Mzee alikuwa amekishika kifundo cha mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, kama mtu anayemzuia mtoto asivuke barabara.

"Baba, kufa ganzi si kufa."

"Ninayeujua mkono huu ni mimi. Asubuhi nikiamka haupo. Naupapasa kwa huu mwingine kama mtu anayetafuta miwani."

"Lakini hivyo vidude havijui Kiswahili, baba. Haviwezi kusikia neno 'kufa' vikaja mbio."

"Ndiyo hatari yenyewe," mzee akasema. "Havijui Kiswahili. Vikianza kunila, utavielezaje?"

Mzee alinyanyuka, akapita sebuleni ubavuubavu akiwa ameuficha mkono kwapani, na katika ile haraka ukanda wa kandambili yake ukakatika. Akaiacha palepale karibu na chungu. Usiku ule alitandikiwa jikoni, kati ya friji na jiko, na tangu siku hiyo jikoni pakawa kwake.

Asubuhi Fundi Meno aliikuta ile kandambili, akaitupa kwenye taka, akaenda kazini. Aliporudi, mzee alikuwa akimsubiri mlangoni.

"Kandambili yangu iko wapi?"

"Nimeitupa, baba. Ilikufa ukanda."

Mzee alitikisa kichwa polepole. "Mwanangu, una moyo mzuri. Lakini usimfichie Mkwe makosa yake."

"Baba, nimeitupa mimi, kwa mikono yangu."

"Sawa. Sawa. Mimi sitamwambia mtu."

Kufikia jioni jengo zima lilikuwa na habari. Mzee hakumwambia mtu yeyote, isipokuwa wale aliokutana nao kwenye ngazi, na kwenye ngazi za jengo lile ulikutana na kila mtu, kwa sababu lifti ilikuwa imekufa tangu kabla Fundi Meno hajaolewa.

Watu hawakukubaliana kama dawa ile ni ya kuogopwa au ya kutumiwa. Jirani wa mlango wa pili alileta saa ya ukutani iliyokufa, akaiegesha mlangoni kwao ili iliwe, maana mumewe alikataa isitupwe. Mwingine akaleta feni, mwingine betri za tochi kwenye mfuko. Mwanamke wa ghorofa ya kwanza alikuja na simu ya zamani akauliza kama itauma. Mwalimu Breki kila asubuhi alivipitisha kwa fundi redio, na kila mlango ulipoonekana mtupu, sifa za Mkwe zikapanda.

Siku moja mlango uligongwa kwa funguo. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya wapangaji, mtu mnene aliyevaa suti hata akienda kutupa taka. Alisimama nje na hakuvuka kizingiti.

"Mama, nimekuja kirasmi. Nasikia humu ndani mna dawa inayokula vilivyokufa."

"Ni vimeng'enya vya mizizi, mwenyekiti. Vya mmea tu. Karibu ndani uone."

"Hapa panatosha." Alinyoosha shingo, akachungulia, akairudisha. "Nataka ijulikane wazi kwamba kamati haijafa."

"Hakuna aliyesema imekufa."

"Wanasema! Kwenye ngazi wanasema. Wanasema kamati ilikufa zamani, na sasa vitaanza na mwenyekiti. Kamati imelala, mama. Kulala na kufa ni vitu viwili. Je, hivyo vidude vinaweza kutofautisha?"

Fundi Meno alikuwa amesimama kutwa nzima akipiga msasa taya la juu la mtu asiyejua anataka meno meupe kiasi gani. Alichoka.

"Mwenyekiti, hata mimi siwezi kutofautisha," akasema.

Mwenyekiti alishuka ngazi mbio. Jumamosi ile kikaitishwa kikao cha wapangaji. Watu walijaa mpaka kwenye korido, kwa sababu kila mmoja aliogopa kuhesabiwa miongoni mwa waliokufa. Mwenyekiti alifungua kikao kwa kuomba kumbukumbu za kikao kilichopita zithibitishwe. Hakuna aliyekumbuka kikao hicho, wakazithibitisha hivyohivyo kwa kauli moja. Katibu alikuwa ameshahama mji, na mjadala ukazuka kama kuhama ni namna ya kufa. Hatimaye wakaingia kwenye ajenda ya lifti, ambayo watu waliizungumzia kwa sauti ya chini, kama inayomhusu mgonjwa aliye chumba cha pili.

Mafundi wa lifti walikuja wiki hiyohiyo. Walifungua, wakapaka grisi, wakabadilisha waya, wakaondoka. Lifti ikapona nusu. Kupanda ilipanda na watu vizuri kabisa. Kushuka ilishuka ikiwa tupu. Mtu akiingia ndani na kubonyeza kitufe cha chini, ilinuna. Mafundi waliitwa tena, wakakuna vichwa, wakasema hawajawahi kuona. Wapangaji waliona nusu si haba, wakawa wanapanda kwa lifti na kushuka kwa miguu.

Mzee naye hakukaa bure. Ikiwa vile vidude havisikii Kiswahili, aliwaza, basi uhai wa mkono inabidi uonekane kwa vitendo. Akamtuma Mwalimu Breki aishushe tarumbeta kutoka juu ya kabati. Kila alfajiri, akiwa amekaa juu ya godoro lake kati ya friji na jiko, alipiga kwa mkono wa kulia nyimbo za gwaride zilizokosa noti moja kati ya kila tatu. Majirani walibisha hodi wakiwa wamefura, wakamkuta akitokwa jasho.

"Naomba mnivumilie," aliwaambia. "Nauweka hai."

Wakamvumilia. Nani angetaka kuonekana anaunga mkono mauti ya mkono wa mzee?

Mabadiliko yaliyomshangaza Fundi Meno kuliko yote yalikuwa ya mumewe. Jioni moja alikuwa anapima kifuniko cha vimeng'enya juu ya kopo la maji, wiki ya tatu hiyo, Mwalimu Breki akaja akasimama mlangoni mwa sebule akijikuna shingo.

"Mke wangu. Hivi ulimwambiaje dada kwenye simu juzi?"

"Nilimwambia mambo mengi."

"Ulimwambia maongezi humu ndani yamekufa."

Fundi Meno aliinua macho. Ni kweli alisema hivyo, tena kwa utani, ila si wote uliokuwa utani.

"Nilisema."

Mwalimu Breki alivuta kiti. Akakaa. Mguu wake wa kulia ukakanyaga sakafu, kama unavyofanya siku zote akiwa na hofu.

"Leo kuna mwanafunzi," akaanza, "alifika kwenye mzunguko wa barabara akauzunguka, akakosa pa kutokea. Akazunguka tena. Nikamwambia toka hapa, akasema mwalimu, kuna gari. Tukazunguka. Nikamwambia sasa toka, akasema mwalimu, naona aibu, watu wa pale kituoni wameshatuzoea. Unajua walianza kutupungia mikono? Mama mmoja alitushangilia kabisa."

Fundi Meno alikaa na kopo mkononi. Alicheka mpaka maji yakamwagika kwenye kanga yake. Kesho yake Mwalimu Breki akaja na hadithi ya mchungaji aliyefunga macho kila akipishana na lori, na kesho kutwa ile ya mwanamke aliyeendesha vizuri kuliko yeye mwalimu. Mwanzoni alisimulia kama mtu anayelipa faini. Baada ya siku chache akawa anaanza kusimulia kabla hajavua viatu. Hakumwuliza tena kuhusu vile vidude, naye Fundi Meno hakumwambia kwamba havina habari na ndoa za watu.

Hata yeye mwenyewe hakuwa amesalimika. Alikuwa na jino moja la mbele ambalo lilikufa alipoanguka kwenye bembea utotoni, na daktari akatoa neva yake. Kwa akili zake zote alijua kwamba vimeng'enya vya mizizi ya mimea havina haja na jino la mtu. Alishika plasta, nta na kemikali kila siku ya maisha yake. Hata hivyo alijikuta kila anapofungua ile chupa amebana midomo kabisa, anapumua kwa pua, na akiitwa anaitikia, "Mm."

Mkwe aliponea katikati ya mambo yote haya bila kumjali mtu. Fundi Meno alichomeka kidole udongoni kila siku, akampiga mumewe marufuku kumkaribia na kikombe. Shina liliinuka. Likachomoza jani jipya, limejikunja kama mwavuli, likafunguka lenye rangi ya kijani inayong'aa. Siku moja alifukua udongo kidogo pembeni kwa kile kijiko chake cha nta, akaona mizizi mipya, minene, myeupe kama meno ya mtoto. Alimwita mumewe, wakachuchumaa wote wawili wakitazama. Mzee aliomba aelezewe akiwa jikoni.

Wifi alirudi bila kuarifu. Alipanda kwa lifti, akafungua mlango ambao haukufungwa, akamkuta baba yake anapiga tarumbeta kwenye godoro jikoni na saa tatu za ukutani zilizokufa zimejipanga koridoni. Alikwenda moja kwa moja sebuleni, akamwona Mkwe. Akakaa kwenye kiti cha karibu bila kuvua mkoba.

"Hakufa," akasema.

"Hakufa, wifi," Fundi Meno akasema kwa fahari. "Alitaka kufa, tukamwahi. Njoo nikuonyeshe mizizi."

"Sitaki kuona mizizi." Sauti yake ilikuwa ndogo, na hakuna aliyewahi kuisikia ikiwa ndogo. "Nilimleta hapa makusudi. Tangu utotoni huyu mdogo wangu hajawahi kumwagilia kitu kikapona. Bustani ya shule aliiua peke yake. Nikasema, mimi kumtupa siwezi, mkono unakataa. Nimpeleke kwa mtu atakayemmaliza kwa huruma."

Mwalimu Breki alikuwa ndiyo kwanza anaingia. Alisimama na funguo za gari mkononi.

"Dada! Kumbe mimi ndiye kaburi?"

"Ungefanya tu kama ulivyozoea."

"Nilifanya! Nikazuiwa!"

Ikatoka hadithi nzima. Mmea ule wifi alipewa na fundi wa mizani aliyefanya naye kazi, mtu wa maneno matamu. Alimwambia wataoana siku majani yakigusa dari. Wifi akautunza. Ulipokaribia dari, yule bwana akasema dari za nyumba hiyo ni fupi, haihesabiki. Wifi akahamia nyumba yenye dari ndefu. Ulipokaribia tena, bwana akahamia mji mwingine, akaoa huko mtu asiyekuwa na mmea wowote.

"Nikaukata kilele," wifi akasema. "Ukaota. Watu kazini wananiambia wewe moyo wako ulishakufa. Na mimi nimeanza kuamini."

"Mwanangu!" mzee akapiga kelele kutoka jikoni. "Usiseme neno hilo ukiwa hapo! Toka hapo! Kuna dawa hapo inayokula kila kilichokufa!"

Wifi aligeuza kichwa. "Kila kilichokufa?"

"Kila kitu! Ilikula kandambili!"

"Ileteni," wifi akasema.

Fundi Meno alimweleza yote: kwamba ni vimeng'enya vya mizizi, kwamba kandambili aliitupa yeye, kwamba havimfanyi mtu chochote. Wifi alisikiliza kwa heshima mpaka mwisho.

"Nimekuelewa, wifi yangu. Lakini mimi ni mkaguzi. Kitu hakisemwi kizima wala kibovu kabla hakijapimwa. Leta beseni na maji ya moto kidogo."

Lililetwa beseni. Fundi Meno akamimina maji, akaweka kifuniko kimoja, kwa maelekezo yaleyale ya chupa. Wifi akavua viatu, akakunja sketi, akatia miguu. Kisha akaweka mikono magotini akangoja, macho mbele, kama anayesubiri sindano ya mizani itulie. Mwenyekiti, aliyekuwa amekuja kutangaza kikao kingine, alisimama mlangoni akavua kofia.

Muda ukapita. Kisha mzee akatokea. Hakuwa amekanyaga sebule tangu usiku wa kandambili. Alikuja polepole, mkono kwapani, akamtazama binti yake akiwa peke yake na beseni lake.

"Kama ni kuliwa," akasema, "tuliwe wote."

Akapiga magoti kwa shida, akautoa mkono wake wa kulia kwapani, akautumbukiza kwenye maji mpaka kiwiko. Wifi aliushika humo majini. Mwenyekiti alianza kulia kwa sauti ya kirasmi.

Maji yalipopoa, wifi alitoa mguu mmoja, akaukagua, akatoa wa pili. Alibonyeza kifua chake kwa vidole kama anayejaribu godoro. Kisha akaugeuza unyayo kwenye mwanga wa dirisha. Magaga yake yote ya miaka ya kusimama masokoni yalikuwa yamelainika, yanabanduka kwa kidole, na chini yake kisigino kilikuwa laini kama cha mtoto.

"Kumbe ni magaga tu," akasema.

"Ni maji ya moto, wifi," Fundi Meno akasema. "Maji ya moto huwa yanafanya hivyo."

"Magaga tu, basi!" wifi akarudia, akacheka kicheko kilichomshtua mdogo wake, maana hakuwa amekisikia tangu walipokuwa wadogo. "Mengine yote mazima. Baba, tazama mkono wako."

Mzee aliutazama. Alifungua vidole, akavifunga, akavifungua.

"Umekufa ganzi," akasema. "Lakini upo."

Wifi alilala kwao siku ile, akaamka karibu na adhuhuri, akasema anaondoka na Mkwe. Fundi Meno alimwuliza kama ana hakika. Wifi akajibu kwamba kosa halikuwa la mmea, mmea ulifanya kazi yake ya kuota, na dari aliyokuwa nayo sasa ni yake mwenyewe.

Tatizo likawa kumshusha. Ghorofa nne, chungu kizito, na wapagazi hawakupatikana. Mwenyekiti akapendekeza lifti, wakamkumbusha kwamba haishuki na mtu.

"Je, Mkwe ni mtu?" mwenyekiti akauliza.

Walibishana hapo kwenye korido kwa muda, mzee akisema ni mtu wa familia, Mwalimu Breki akisema kisheria ni mzigo. Mwishowe wakamsukuma ndani, wifi akaingiza mkono akabonyeza kitufe, akautoa. Milango ikajifunga. Lifti ikanguruma, ikafikiri, ikashuka. Wote wakakimbia ngazi, mzee akiwa wa mwisho na tarumbeta yake, wakafika chini wakihema. Milango ilifunguka, Mkwe akiwa amesimama ndani mzima, jani moja tu limepinda.

Walimweka kiti cha nyuma cha gari la Mwalimu Breki, wakamfunga mkanda. Wifi alikaa mbele. Fundi Meno alimpa ile chupa, ikiwa imebaki nusu.

"Kifuniko kimoja, mara moja kwa wiki," akamwambia. "Na kidole kwanza."

"Nani alikufundisha kidole?" wifi akauliza, akapandisha kioo.

Mwalimu Breki aliwasha taa ya kuonyesha anatoka, akatazama kioo cha kulia, cha kushoto, cha kulia tena, akaondoka taratibu huku ameanza kumsimulia dada yake habari ya yule mwanafunzi wa mzunguko. Mzee aliwapigia wimbo wa gwaride mpaka gari likapinda kona. Fundi Meno akamsaidia kufika kwenye lifti, kisha akaharakisha kwenda kliniki, ambako mteja wake wa taya la juu alikuwa ameshafika na kubadili mawazo kuhusu weupe.